Jumamosi ya Kabla ya Krismasi: Mzigo wa Nani?

Kalenda ya serikali yetu haiitambui siku ninayokusudia kuizungumzia leo. Inaitambua Jamhuri, tarehe 12 Desemba. Inaitambua Krismasi yenyewe, na inaitambua siku inayoifuata, ambayo tunaijua kwa jina la Boxing Day. Lakini kati ya Jamhuri na Krismasi hapakosekani Jumamosi moja, na miaka mingine mbili, ambazo hazipigiwi ngoma wala hazihutubiwi na kiongozi yeyote. Hizo ndizo siku ambazo Krismasi hutengenezwa. Mwenye kutaka kujua sikukuu ya nyumba fulani itakuwaje hana haja ya kungoja tarehe 25. Na afike nyumbani humo Jumamosi hiyo, aketi pembeni, kisha ahesabu mikono iliyo kazini na mikono iliyofungwa kifuani.

Nauchukua mji wa Voi kuwa mfano, na nina sababu. Voi umekaa njia panda. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa. Vilipozuka vita vikuu vya kwanza vya dunia, Waingereza walianza mwaka 1915 kutandika tawi la reli kutoka Voi kuelekea Taveta, ili kupeleka askari na silaha wakapigane na Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi hupita hapa, na iendayo Mwatate, Wundanyi na Taveta huchepukia hapa. Garimoshi la usiku la reli ya zamani lilikoma mwaka 2017, na mwaka huo huo treni ya reli mpya ikaanza kusimama katika kituo kipya. Hata jina la mji wenyewe, wasimulizi wengi hulinasibisha na Kivoi, mfanyabiashara wa Kikamba wa karne ya 19 ambaye misafara yake, wanasema, ilipumzika kando ya mto huu. Tangu enzi hizo, basi, kazi ya Voi imekuwa ni kupokea wapitao.

Nani asiyejua maana ya jambo hili ifikapo Desemba? Nyumba ya Voi haina wageni wake peke yake. Ina wageni wa Wundanyi waliokosa gari la jioni, ina wageni wa Taveta waliochoka na mwendo kutoka Nairobi, ina binamu wa Mombasa ambaye hakutoa habari mapema kwa sababu anaamini kwamba mlango wa jamaa haupigiwi hodi kwa barua. "Nitalala kwenu usiku mmoja tu, asubuhi nipande mlimani," husema. Usiku huo mmoja huzaa wa pili, na wa pili hukutana na wageni wapya wanaoingia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Swali langu ni dogo: mwenyeji huyo anayetarajiwa kupona, je, ni nani hasa?

Tuitazame Jumamosi hiyo katika nyumba ya kawaida, iwe Sofia, Kaloleni, Mwakingali au Birikani. Si nyumba ya tajiri wala si ya fukara. Baba anafanya kazi ya mshahara Mombasa na amerudi Ijumaa usiku. Mama anauza mboga. Watoto wanne wamefunga shule. Nyanya yao ameteremka kutoka Sagalla, kilima kile kinachouangalia mji kwa upande wa kusini, na amekuja na kikapu cha kunde.

Kabla jua halijachomoza, neno la kwanza katika nyumba hiyo ni maji. Na hapa kuna kinaya ambacho watu wa Taita Taveta wamekisema hata wakachoka. Chemchemi za Mzima zimo katika kaunti yao, ndani ya Tsavo Magharibi. Tangu mwaka 1957 bomba kubwa limekuwa likiyachukua maji ya chemchemi hizo kuyapeleka Mombasa, nalo hupita Voi njiani. Maji yanapita, lakini mifereji ya mji mara nyingi hukauka, hata mwenye nyumba hulazimika kumwita muuza maji wa mkokoteni na kununua mtungi mmoja mmoja. Kwa Jumamosi ya kabla ya Krismasi mitungi mitatu ya kila siku haitoshi. Pana mablanketi ya kufua, mapazia, sakafu, vyombo vilivyohifadhiwa kabatini tangu Pasaka, na wageni watakaotaka kuoga vumbi la safari. Anayejua hesabu ya mitungi hiyo ni mama na binti yake mkubwa. Siri ya mtungi muulize kata.

Baada ya maji huja usafi, na baada ya usafi huja soko. Kabichi na viazi vimeteremshwa kutoka vilima vya Wundanyi na Werugha, ndizi zimetoka Taveta, na unga wa ngano umepanda bei kwa kuwa kila nyumba inataka chapati. Kando ya soko, nguo za mitumba zimemwagwa juu ya maturubai, na mama anainama kutafuta rinda litakalomtosha mtoto wa tatu na bado limfae wa nne mwaka ujao. Mchana kuna chakula cha watu kumi ilhali siku nyingine walikuwa sita. Alasiri kuna mazoezi ya kwaya. Krismasi si mgeni katika nchi hii: wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883, na misheni ya Kikatoliki ikaanzishwa Bura mwaka 1892. Basi binti anayeimba sauti ya kwanza hukimbilia kanisani mikono ingali na harufu ya sabuni, akarudi giza likiingia kumsaidia nyanya kuchagua kunde na kuponda kimanga cha muhogo na maharagwe.

Kuna na shamba. Mvua za vuli ndizo tegemeo la wakulima wa sehemu hizi za chini, na Desemba mahindi, kunde na pojo huwa zimeshika rangi. Lakini asilimia 62 hivi ya ardhi ya kaunti hii imo katika mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, na tembo hawana habari ya mipaka iliyochorwa na wanadamu. Familia yenye kishamba pembezoni mwa mji, au kule Sagalla kwa nyanya, hulazimika kumtoa mtu wa kukesha. Kazi hii, aghalabu, hufanywa na wanaume, nami siidharau hata kidogo. Mtu aliyekesha juu ya kichanja akipiga debe hadi alfajiri hastahili kuambiwa kwamba hakufanya lolote. Tunda la usiku wake ni gunia la mahindi ambalo vinginevyo lingeliwa na tembo kwa dakika chache.

Hata hivyo, tukiyaweka yote juu ya mizani, mizani italala upande mmoja. Uchunguzi wa matumizi ya wakati uliofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia wakati wa takriban mara 5 kuliko wanaume katika kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa. Hiyo ni hesabu ya siku za kawaida. Sitataja hesabu ya Jumamosi ya kabla ya Krismasi, kwa maana sina. Lakini sidhani kuna msomaji anayehitaji karani wa takwimu ili aijue. Baba aliyerudi kutoka Mombasa ameketi chini ya mwarobaini na wenzake waliorudi pia, wakiulizana habari za kazi. Kijana wa kidato cha tatu amelala kitandani na simu. Binamu aliyetaka usiku mmoja anauliza chai itakuwa tayari saa ngapi. Wote hawa si watu wabaya. Hakuna aliyewapa kazi, na wao hawakuuliza.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama. Tumezoea kusema kwamba Krismasi imeharibiwa na ulafi, na ulevi, na anasa za mijini. Huenda. Lakini naona kwamba katika nyumba nyingi Krismasi huharibika mapema zaidi, na kwa jambo dogo zaidi: mzigo wake wote huachiwa mtu mmoja kimyakimya. Ikifika tarehe 25, nyumba nzima husherehekea isipokuwa yule aliyeitengeneza sherehe. Yeye huketi kwenye kigoda jikoni, miguu imevimba, akitabasamu kwa sababu wageni wanamtazama. Je, hiyo ni sikukuu, ama ni karamu tu ambayo mmoja ni mtumishi na wengine ni wateja?

Na kazi ni nusu tu ya mzigo. Nusu ya pili ni fedha. Baba ameleta mshahara wa Desemba na marupurupu kidogo, na fedha hizo zimo mfukoni mwake, hazijatajwa. Mama ana akiba ya chama chake cha akina mama, nayo haijatajwa. Kila mmoja anajua matumizi yake na anakisia ya mwenziwe. Mchana baba ananunua mbuzi kwa sababu rafiki zake wamenunua. Mama, kwa upande wake, ameshawaahidi watoto viatu. Hakuna aliyemwambia mwenziwe kwamba Januari inakuja na karo, sare, vitabu, na nauli ya kumrudisha kijana shuleni. Matokeo yake twayajua sote. Katika juma la kwanza la Januari, nyumba iliyochinja mbuzi hubisha hodi kwa jirani kuomba kibaba cha unga, na mtoto aliyevaa viatu vipya hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Wakenya tumezidi kuifanyia mzaha Januari kwa kuiita ndefu. Januari ina siku 31 kama Desemba. Kinachoirefusha ni yale tuliyoyanyamaza Jumamosi.

Kwa hivyo pendekezo langu ni hili, nalo halihitaji ruzuku wala kibali cha serikali. Jumamosi hiyo, kabla jua halijawa kali na kabla mtu hajatoka kwenda sokoni, nyumba nzima na ikutane. Baba, mama, nyanya, watoto, na mgeni akiwapo. Na yasemwe mambo mawili tu. Kwanza: kazi za leo ni hizi, nani anafanya ipi? Pili: fedha tulizo nazo ni hizi, za Januari ni zipi, na za Krismasi ni zipi? Nusu saa yatosha. Baraza hilo dogo litafanya zaidi ya mahubiri mengi.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Kuna watakaosema kwamba jikoni ni mahali pa mwanamke, na kwamba mama hufurahia kuwatengenezea watoto wake sikukuu. Kwamba hufurahia, sikatai. Mtu hufurahia pia kulima shamba lake, wala hilo si sababu ya kumwacha alime peke yake. Tena tuseme kweli: kufua blanketi lililolowa maji ni kazi ya nguvu, na kijana wa miaka 17 ana nguvu kuliko dada yake wa miaka 13. Kusukuma mkokoteni wa mitungi hakuhitaji jinsia. Hata kusonga chapati ni ujuzi ambao maelfu ya wanaume huufanya hotelini kwa mshahara. Mbona mkono huo huo hupooza ukifika nyumbani?

Wengine watasema kwamba mgeni hatumwi. Nawakumbusha kwamba wahenga hao hao waliotufundisha ukarimu ndio waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakuona kwamba jembe linamvunjia mgeni heshima. Waliona kwamba linamwingiza katika ukoo, kwa maana anayetumwa ni wa nyumbani na asiyetumwa ni mpita njia. Binamu wa Mombasa akipewa vitunguu akate, ataondoka na habari za jamaa zake ambazo asingezipata akiwa ameketi sebuleni peke yake.

Wengine, na hawa ndio wengi, watasema kwamba watoto wasiambiwe habari za fedha. Ati watahuzunika, ati watazitangaza mitaani. Mimi naona kinyume. Mtoto asiyeambiwa kwamba fedha ni chache huamini kwamba amenyimwa kwa sababu hapendwi. Mtoto aliyeambiwa, akaulizwa achague kati ya viatu na safari ya kwenda Wundanyi, hujiona mtu katika nyumba ya watu. Wapo watakaoshangaa kuona ni wepesi kiasi gani watoto kuacha walichokitaka, maadamu wameshirikishwa katika kukiacha.

Tunao pia mfano wa kujifunza kutoka kwa jirani zetu. Ndugu Wasabato hawafanyi kazi Jumamosi. Kwao hiyo ni siku ya kupumzika na kuabudu. Kwa sababu hiyo maandalizi yao yote hubidi yamalizike Ijumaa kabla jua halijatua: chakula kimepikwa, nguo zimepigwa pasi, nyumba imefagiwa. Saa haimngoji mtu, na mama peke yake hawezi kuzishinda saa. Kwa hiyo mikono mingine huitwa. Mtu anaweza kutokubaliana nao katika mafundisho, lakini katika hili wanatuonyesha kwamba kupumzika pamoja hakupatikani bila kufanya kazi pamoja kwanza. Nao majirani Waislamu, ambao ni wengi katika mji huu, wanaijua vyema siku ya mwisho ya Ramadhani, sokoni na jikoni. Katika mitaa ya Voi sahani za pilau huvuka ua Idi, na sahani za chapati huvuka ua Krismasi. Mzigo ninaouzungumzia hauna dini.

Nisije nikaonekana ninaibebesha familia lawama zote. Kuna mizigo ambayo baraza la nyumba haliwezi kuigawa. Mama wa Voi asingepoteza saa tatu za asubuhi akitafuta maji kama maji yanayopita mlangoni pake yangefunguliwa kwa haki. Wanaume wasingekesha kichanjani usiku baada ya usiku kama fidia iliyoahidiwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ingelipwa kwa wakati. Wakulima wengi wamelalamikia kucheleweshwa kwake. Kule Sagalla, tangu mwaka 2009, wakulima wamekuwa wakizungusha mashamba yao kwa mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya: tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na tembo hukimbia. Mkulima hulala zaidi, na juu ya hayo hupata asali. Huo ni mfano wa msaada unaorudisha usiku na Jumamosi mikononi mwa familia. Viongozi wa kaunti na wa taifa na waupime utumishi wao kwa kipimo hicho.

Wala tusisahau kwamba Jumamosi hizi ziliwahi kunyang'anywa kabisa. Mwaka 1992 na mwaka 1997 tulipiga kura tarehe 29 Desemba. Mwaka 2002 na mwaka 2007 tukapiga kura tarehe 27. Katika miaka hiyo minne majuma ya kabla ya Krismasi yalikuwa ya vipaza sauti na mikutano ya hadhara. Mwaka 2007 tulitoka katika Krismasi tukaingia katika machozi. Katiba ya mwaka 2010 iliuondoa uchaguzi katika Desemba na kuupangia Agosti, na sidhani tumeishukuru vya kutosha kwa hilo. Tulirudishiwa Jumamosi zetu. Itakuwa ni hasara iwapo tulizozirudishiwa tutazitumia kumtumikisha mmoja na kuwatumikia wengine.

Wazee wa Taita zamani waliyahifadhi mafuvu ya wahenga wao katika mapango ya milimani, na baadhi yangaliko hadi leo. Maana yake ilikuwa wazi: mtu ni wa mahali ambapo ukoo wake unamkumbuka. Leo, tunaposafiri mwendo wa usiku kucha kurudi Sagalla, Bura, Kasigau au Dawida, tunatafuta jambo hilo hilo, kukumbukwa. Lakini kukumbukwa hakuji kwa kuwasili tu na begi mkononi. Miaka mingi baadaye, watoto hawatakumbuka bei ya mbuzi. Watakumbuka ni nani aliyechota nao maji.

Basi, msomaji, Jumamosi hiyo ikikukuta nyumbani, usiulize chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Uliza kazi iliyobaki ni ipi. Ukiwa baba, itaje fedha uliyo nayo kabla hujaitaja nyama. Ukiwa mama, usifiche uchovu wako ili uitwe shujaa, ugawe. Ukiwa kijana, kamata mtungi. Na ukiwa mgeni uliyeshuka Voi kwa usiku mmoja, kumbuka kwamba jembe la siku ya tatu laweza kushikwa hata siku ya kwanza, na hakuna mwenyeji aliyewahi kulikataa.